Damu ya Baba Mkwe

Mzee Osea wa Igamba hakuogopa chui wala bwana shamba, lakini alimkimbia mke wa mwanawe. Haikuwa aibu, ndivyo heshima ilivyotaka. Baba mkwe na mkazamwana hawatazamani, hawatajani majina, wala hawapishani njiani. Kwa hiyo kila Ferista alipotokea na mtungi wake, mzee wa kanisa mwenye mvi na koti la Jumapili alijitupa katikati ya mibuni kama mwizi wa kahawa. Mkewe, Tabita, ndiye aliyekwenda kumwokota na kumpukuta majani. Alisema mumewe anamjua mkwe wake kwa visigino tu.

Ferista aliposhikwa na uchungu, mumewe Yonasi alikuwa migodini, Rhodesia ya Kaskazini. Wakambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Osea alifuata nyuma kabisa, amekinga uso kwa mwavuli ingawa mvua haikuwapo, akijikwaa kwa heshima zote. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Tabita, aliyecheka kwa niaba ya wote.

Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Kicheko kikaishia hapo, maana damu ya mama yake haikukatika. Daktari alikanda tumbo, akachoma sindano, akakanda tena. Kizazi kilikataa kujikaza. Akatoka nje, aproni imelowa, akawaambia wazi: asipokitoa kizazi sasa hivi, Ferista atakufa, akikitoa, hatazaa tena. Tena atahitaji damu ya mtu mwingine, kwa kuwa yake inakwisha.

Mume hayupo, neno likawa la Osea.

"Kitoe," akasema. "Kizazi hakijawahi kunipikia ugali. Yeye ananipikia."

Wakapimwa. Damu ya Tabita haikupatana na ya Ferista. Ya Osea ikapatana. Hapo mzee akakwama. Damu yake iingie mwilini mwa mkazamwana, ambaye hata kivuli chake hakipaswi kumgusa? Alitazama dari, akatazama viatu. Akauliza kama haiwezekani ipitishwe kwanza kwa mtu mwingine. Daktari akamjibu kwa upole kwamba damu si salamu.

Tabita akamnyang'anya mwavuli. "Baba Yonasi, mwanao akirudi utamwambia mkewe alikufa kwa sababu ya adabu zako?"

Osea akakunja mkono wa shati. Alilala nyuma ya shuka lililotundikwa, na juu ya hayo akafumba macho, shuka lisije likamsaliti.

Ferista akapona. Alilia siku nyingi kwa ajili ya watoto ambao hawatakuja, huku akimnyonyesha huyu aliyekuja.

Mavuno yalipokwisha, Efraimu, mdogo wake Osea, alifika na wazee wa ukoo, wakakohoa sana kabla ya kusema. Mtoto mmoja, alisema Efraimu, ni kama jicho moja: likiingia vumbi, umekwisha. Yonasi atafutiwe mke mwingine, na Ferista arudishwe kwao Isongole.

Osea aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaita, "Ferista!" Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo. Ferista akatoka jikoni ameinamisha kichwa.

"Kaa hapa, mwanangu." Akamgeukia mdogo wake. "Damu yangu imo ndani ya huyu. Basi mimi leo ni baba wa binti. Mwenye neno juu ya ndoa yake, aje kama watu wanavyokuja ukweni: kwa magoti, na kwa mshenga."

Efraimu akamtazama Tabita, akiomba msaada.

"Basi mimi ndiye mama mkwe wenu," akasema Tabita. "Mbona unanikodolea macho, baba?"

Wazee wakainamisha nyuso zote kwa pamoja, wakautazama mkeka waliokalia, na kwa kuwa mtu hawezi kubishana na mkeka, wakaaga.

Ferista akainua macho, akamtazama baba mkwe wake vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Yonasi alimdanganya: alimwambia kuwa yeye na baba yake wamefanana.

Osea akataka kujua kama hiyo ni sifa au tusi. Tabita akamshauri asiulize.