Posa ya Bahari kwa Amonia wa Kiwandani

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia ule upande wa kitanda uliokuwa wa marehemu mke wangu Sikudhani, niliota niko kwenye foleni ya ofisi ya mtaa wetu. Sikushangaa. Hata ndotoni wakubwa hawanihudumii bila foleni.

Ukutani umebandikwa Mpango wa Dharura wa Mtaa, ule ambao Mwenyekiti Mfaume aliuzindua kwa soda na maandazi. Mimi kusoma nasoma kwa kuvizia, herufi moja moja, lakini ndotoni kanuni ya kwanza ikajisoma yenyewe kwa sauti: "Janga lolote litatoa taarifa ofisini kabla ya kutokea."

Basi majanga yametii. Mbele yangu, kwenye benchi, wamekaa wawili.

Wa kwanza ni Bahari. Jitu pana, kanzu imelowa mpaka kifuani, kaa anazunguka ukingoni mwa kofia yake. Ana adabu zake, akasogea kunipa nafasi.

"Kaa, mzee. Samahani kwa maji."

Wa pili ni Amonia, ile hewa kali ya kugandishia samaki kiwandani. Mwanamke mwembamba, mweupe, amejitanda ushungi. Nilipokaa karibu yake machozi yakanitoka. Tangu mazishi ya Sikudhani sijalia, na sasa namlilia mtu nisiyemjua, ofisini kwa Mfaume.

"Pole," akasema. "Kila mtu hunililia."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuaga. Miaka kumi na minane nagandisha pweza wa watu. Bomba langu limeoza. Nimepiga mluzi, nimegonga, wakubwa wakanifunga tambara. Leo natoka. Halafu nina kiu, baba, kiu isiyosemeka."

"Mimi leo napanda," Bahari akasema kwa haya. "Si kwa ubaya. Ni bamvua, siku za maji makuu, na upepo uko nyuma yangu unanisukuma kama watu wa foleni."

Mwenyekiti Mfaume akatoka. Mahali pa mkono wake wa kulia pana muhuri.

"Fomu ina mstari mmoja," akasema. "Mtaa huu unaruhusiwa janga moja kwa mwaka. Mmoja wenu arudi mwakani."

Hakuna aliyekubali. Mfaume akawagonga muhuri wote wawili kwenye paji la uso, akatoa karatasi mbili dirishani. Karatasi ya Bahari inasema wananchi wote wapande Kilimani. Karatasi ya Amonia inasema wananchi wote wakimbilie upepo unakotoka. Na upepo unatoka pwani.

Mtaa mzima ukaanza kutii. Wanapanda na magodoro, wakifika nusu wanasoma karatasi ya pili, wanashuka na magodoro. Katikati ya njia wanakutana na kusalimiana.

"Za kupanda?"

"Nzuri tu. Za kushuka?"

"Tunamshukuru Mungu. Kuku wako huyu, nimemkuta anapanda peke yake."

Hakuna aliyekasirika. Watu wetu wakishapewa karatasi wana subira kubwa.

Nikamuuliza Mfaume, "Na Bi Somoe?"

Bi Somoe ni dada yake Sikudhani. Miguu haimtii tangu mwaka juzi. Nyumba yake imeegemea ukuta wa kiwanda, na mlango wake unaangalia uchochoro unaoshuka moja kwa moja pwani. Ukitaka kujua majanga yataanzia kwa nani, huna haja ya mtaalamu.

Mfaume akapitisha muhuri kwenye orodha. "Bi Somoe ameshahamishwa. Ana tiki."

"Jana nimemkuta anakuna nazi."

"Mzee Bushiri, unabishana na tiki?"

Tiki zao nazijua. Hivi hivi siku ile waliniambia gari la wagonjwa lipo, kumbe ufunguo umekwenda semina na dereva. Sikudhani hakusubiri semina iishe.

Nikafungua mlango wa ofisi kwa hasira, nikatokea uani kwa Bi Somoe. Amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Shemeji! Umekonda. Unakula au unalaumu tu?"

"Somoe, inuka tuondoke. Amonia anatoka na Bahari anapanda."

"Mimi nimeshahamishwa, hukusikia? Mfaume alikuja hapa, akanishikisha begi, akanipiga picha. Kisha akaondoka na begi."

"Panda mgongoni."

"Nani? Mimi? Mwanamke mzima nibebwe mgongoni na shemeji, watu wanatazama? Dada yangu angefufuka anicheke."

"Watu wote wako njiani wanapanda na kushuka. Hakuna wa kutazama."

"Basi hata raha yenyewe haipo," akasema, akaendelea na nazi.

Juu ya paa la kiwanda kuna king'ora kikubwa kilichonunuliwa na wafadhili. Nikakipigia kelele: "Lia basi, wewe! Watu wachague njia moja!"

"Silii bila barua," king'ora kikajibu. "Barua imo kabatini, na kabati limepotelewa na ufunguo wake. Nisamehe, mzee, nami nina watoto."

Hapo ukuta ukakohoa. Bomba limepasuka, na Amonia amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia upande wetu. Majani ya mpapai wa Bi Somoe yanakunjamana. Na uchochoroni sauti nzito inasema:

"Hodi hapa."

Bahari amefika. Amevua viatu, kaviweka pembeni, na maji yake yanamtangulia taratibu. Nikasimama katikati, mbele ya kizingiti, nimenyoosha mikono huku na huku kama askari wa barabarani. Nalia upande mmoja na kulowa upande wa pili. Nikajisemea, sasa na Somoe naye wananichukulia, kama dada yake.

Bi Somoe akaacha kukuna. Akamtazama yule wa ukutani, akamtazama yule wa uchochoroni.

"Shemeji, macho unayo ya nini? Huyu ana kiu. Huyu ni maji. Na wote wawili wapweke. Unasubiri mwenyekiti akuambie?"

Jamani, mimi nimewahi kuwa mshenga mara saba na ndoa sita bado zipo. Nikafunga kikoi vizuri, nikamwendea Bahari, nikampa salamu, nikamuuliza habari za nyumbani, maana hata maji yakikufika magotini posa haivamiwi. Kisha nikamwambia kuna binti wa watu pale ukutani.

Bahari akatazama vidole vya miguu. "Mimi ni mzee. Atanitaka?"

Nikarudi ukutani.

"Ana wake wangapi?" Amonia akauliza.

"Hana. Kuna mito inaingia nyumbani kwake, lakini hiyo ni watoto wa kufikia."

"Anapiga?"

"Mawe tu."

Akafikiri. Bomba likapiga mluzi. "Mwambie nakubali. Ila mimi nikiingia majini siendi nusu nusu. Asije akasema hakuambiwa."

Nikaweka masharti mbele ya wote. Harusi ni uani mwa kiwanda, siyo mitaani. Bahari apite uchochoroni akiwa amejikunja, na asikanyage kizingiti cha Bi Somoe.

"Naapa kwa kupwa na kujaa kwangu," akasema Bahari. "Nitaacha upana wa kidole."

Mfaume akatokea mbio, muhuri juu. "Simamisheni! Harusi haimo kwenye Mpango!"

"Ni janga?" nikamuuliza.

"Harusi? Hapana. Harusi si janga."

"Basi haikuhusu."

Akageuza Mpango juu chini, akatafuta mpaka kwenye jalada. Mara ya kwanza maishani nikamwona kiongozi amepotea ndani ya karatasi yake mwenyewe. Nilipenda ile hali, nikaitazama kidogo.

Waliokuwa wanapanda na waliokuwa wanashuka wote wakaja. Harusi haina haja ya karatasi mbili. Wanawake wakaweka magodoro chini, wakapiga vigelegele. King'ora kikauliza kama kushangilia nako kunahitaji barua, hakikujibiwa, kikajiunga.

Bahari akajikunja, akapita, akaruka ukuta. Amonia akajitupa kifuani kwake. Pakasikika *shhhhh*, kama chuma cha mhunzi kwenye ndoo, mvuke ukapanda, kisha harufu ikakatika. Macho yangu yakakauka. Watu wakavuta pumzi, wakaangaliana, wakacheka.

Na kati ya vigelegele nikasikia kimoja kinachokatika katikati, kinapumua, kinaendelea. Mtu mmoja tu duniani alipiga kigelegele namna ile. Nikageuka haraka kumtafuta.

Nikaamka.

Kumekucha. Nimelala upande wangu mwenyewe, sijui nani kanisogeza. Nikavaa, nikateremka kwa Bi Somoe bila kunywa chai.

Bahari imekupwa mbali kabisa, mawe yote ya pwani yako nje. Kwenye lango la kiwanda mlinzi anabishana na fundi kwamba tangi la amonia liko tupu na hakuna aliyekohoa. Mwenyekiti Mfaume anawaambia wasihofu, hakuna tukio lililoripotiwa.

Niliingia uchochoroni. Kwenye kuta za pande zote mbili umepita mstari mweupe, mbichi, kimo cha goti. Mlangoni kwa Bi Somoe mstari umeinama, ukazunguka kizingiti, ukaendelea. Nikachutama, nikaweka kidole kati ya mstari na kizingiti. Kikatosha. Nikakiramba. Chumvi.

Bi Somoe amejikokota mpaka mlangoni, ameegemea fremu, anautazama ule mstari na kunitazama mimi. Akatazama uchochoro juu na chini, akahakikisha hakuna mtu.

"Usisimame," akasema. "Geuka hivyo hivyo, unipe huo mgongo. Na ole wako uniangushe mbele ya Mfaume."