Shukrani Yenye Chenji

...maana ukiuza kiwanja kwanza halafu ukawapelekea wauguzi pesa, kodi itachukua chake kabla wao hawajaona kitu, mhasibu alikuwa anaeleza, na mhasibu mwenyewe si mtu baki, ni binti wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akilia meno yanaota, leo kakaa nyuma ya meza anamfundisha mama mkubwa wake mambo, Mungu amzidishie, na mama mkubwa, mshona sare za shule, kalamu kaishika hewani, haandiki wala haiweki chini... kumbe ukiwapa wauguzi kiwanja chenyewe wakakiuza wao, shirika lao halitozwi, kitu kinafika kizima, hilo kalielewa, mnunuzi ataenda kuelewana na wao, shida ni lile la pili, kwamba na yeye naye atapunguziwa kodi ya mapato ya duka lake mwaka huu kwa sababu katoa, hapo ndipo mkono ulipogoma, shukrani gani hiyo, unatoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeunyoosha unadai chenji, bora auze tu, akatwe, wapate pungufu lakini yeye awe msafi... marehemu mume wake angemcheka, dereva yule wa lori, angesema mke wangu unatafuta utakatifu na paa la duka linavuja, ndivyo alivyokuwa, kila Jumapili wanaenda kiwanjani na vigingi na kamba, hapa jiko, hapa sebule, wewe utashonea hapa kwenye mwanga, na halijapandishwa hata tofali moja, saratani ikawahi, ndipo wakaingia wale wauguzi na mikoba yao, nyumbani kabisa, bila kudai senti, wanamgeuza, wanamwogesha, wanamwita Kapteni, naye mgonjwa hoi anajifanya kutoa amri, na yule muuguzi mnene aliyemwona yeye amesimama mlangoni macho yamemvimba akamwambia, "Nenda kalale, niko hapa," maneno manne, katika maisha yake hajaambiwa mazuri kuliko hayo, alilala kama mtoto... unanisikia, mama mkubwa? anasikia, mwanangu, anasikia, risiti itatoka kwa jina lake, thamani itakadiriwa na mthamini, sawa... alimshonea yule muuguzi gauni la maua, alimpima kwa macho tu, na macho yenyewe siku zile yalikuwa ya kulia, aliona aibu kumpa, alijua ataambiwa hapana mama, sisi kazi yetu kutoa, wala, mwanamke yule alilivaa pale pale juu ya sare, likamkwama kiunoni, fundi mzima kakosea kipimo, akajizungusha mbele ya kitanda akauliza, "Kapteni, nimependeza sijapendeza?" na Kapteni akacheka mpaka akakohoa, akacheka tena, hakumsikia akicheka baada ya hapo, na muuguzi akalikunja gauni lake vizuri, akasema asante, akaondoka nalo, kesho yake akarudi na mkoba uleule, mikono ileile... na nani alisema alikuja kufuata gauni, hakuna, wema wake ulipungua wapi kwa kupokea, haukupungua, tena angelikataa kile chumba kingekosa kicheko, jamani, na yeye hapa anataka kuwapunja wauguzi wale ili ajione msafi, nyumba za wagonjwa wangapi zitakosa mtu wa kusema niko hapa, kwa sababu tu mshona sare kaona haya kupokea... kalamu bado iko hewani, feni inazunguka, mtoto wa mdogo wake kavua miwani anamtazama kwa wasiwasi, anadhani anakionea kiwanja uchungu, wala si uchungu, ni asante imemjaa kifuani haijui ianzie kwa nani, kwa muuguzi, kwa Kapteni wake, kwa huyu mtoto mwenye subira, nisome tena, mama mkubwa, au tuahirishe?

"Soma, mwanangu, soma yote, na hiyo ya mimi kupunguziwa usiiruke."