Umenishawishi Kabisa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Corinne Pruett alikuwa na dakika kumi na tano za peke yake. Alichonga penseli sita na kuzisimamisha kwenye kikombe cha wale wanaokuja bila penseli, akafungua dirisha linalotazama uwanja wa mpira, kisha akaandika ubaoni swali la kufungulia kipindi. Alizipenda dakika hizo kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa kufundisha historia, na bado masikio yake yalishika moto kila aliposimama mbele ya vijana thelathini na wawili.

Jumanne hiyo alikuwa amefika katikati ya swali pale sauti iliposema nyuma yake, "Mwalimu, samahani. Naomba unisainie hii."

Alikuwa Ligaya Macaraeg wa kipindi cha tatu, yule anayekaa mstari wa mbele karibu na mlango. Mkononi alishika fomu ya waridi ya ofisini.

"Ni ya nini?"

"Ya kuhama. Nataka kwenda kwa Bwana Dunleavy, kipindi cha sita."

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Ratiba tu."

Wote wawili walijua si ratiba. Corinne alitaka kuuliza zaidi, akashindwa. Akasema, "Ofisi wanaitaka Ijumaa. Niachie niitazame."

"Sawa, Mwalimu."

Msichana akatoka. Swali la ubaoni likabaki nusu, na kipindi cha kwanza kilipoingia, mtu mmoja aliuliza kama wajibu hiyo nusu inayoonekana au wasubiri nyingine.

Siku nzima Corinne alijaribu kukumbuka ni wapi alikosea. Wiki tatu zilizopita zilikuwa nzuri kuliko zote tangu aanze kazi. Walikuwa wakisoma habari za wanamageuzi wa miaka ile ya mwanzo wa karne ya ishirini: watu waliokataa watoto washushwe migodini, waliotaka nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa, wanawake walioandamana hadi wakapata haki ya kupiga kura. Darasa lilikuwa limechangamka. Ligaya, ambaye kwa kawaida huongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, aliinua mkono mara nne kwa siku moja. Ijumaa ya wiki ya pili wakafanya jaribio, sura ikafungwa. Jumatatu wakafungua inayofuata: ubeberu.

Kwa sura hiyo aliligeuza darasa kuwa Seneti ya mwaka 1899. Je, Marekani iichukue Ufilipino au iiache? Kila mmoja aliokota kikaratasi kutoka kwenye kofia ya besiboli ya Quentin Briggs, kuamua atasema kwa upande gani. Chuoni walimfundisha kwamba kuokota ndiyo haki, kwa kuwa hakuna anayependelewa. Ligaya alifungua kikaratasi chake, akakisoma, akakikunja tena hadi kikawa kidogo sana. Corinne alimwona. Akadhani ni hofu ya kusimama mbele ya watu, maana hofu hiyo yeye anaijua sana.

Kikaratasi kilisema: ichukuliwe.

Na Ijumaa iliyopita Ligaya alisimama akasema. Alizungumza vilevile kama maseneta wa enzi hizo. Wale ni watoto, alisema, hawajui kujitawala. Tukiwaacha watararuana. Tuwapelekee shule, maji safi na sheria, na siku moja watatushukuru. Hakutazama karatasi hata mara moja. Alipomaliza, darasa lilipiga meza kwa viganja, na Quentin, aliyekuwa kiongozi wa upande wa pili, aliinua mikono juu.

"Basi, tumekwisha," alisema. "Mheshimiwa, chukua visiwa vyako uende navyo."

Wakacheka wote. Ligaya naye alicheka, kwa midomo tu. Corinne alimpa alama zote, akambandikia stika ya nyota, na chini ya hotuba akaandika kwa kalamu ya kijani: *Umenishawishi kabisa.*

Wakati wa chakula cha mchana Bwana Dunleavy alimkuta akitazama kikombe cha supu kilichopoa. Dunleavy alikuwa amefundisha katika shule hiyo ya mjini Stockton miaka thelathini na moja, na alikuwa na tabia ya kukaa bila kukaribishwa.

"Nasikia naletewa mchezaji wako bora. Umemfanya nini yule mtoto?"

"Nilimpa alama zote."

"Basi ndilo hilo. Hakuna kinachowaudhi kama hilo." Akacheka, kisha akauona uso wake. "Pruett, muulize."

"Nitamuulizaje?"

"Kwa mdomo. Watu wengi hutumia huo."

Jumatano alijaribu. Alimwandikia barua mbili, akazichana zote. Kipindi kilipoisha alimsimamisha Ligaya mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Ligaya." Msichana akasubiri. Wenzake wakapita wakisukumana. "Usisahau kazi ya kesho," Corinne akasema.

"Sijasahau."

"Vizuri."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Alhamisi, kipindi cha pili, ambacho hakuwa na darasa, ofisi ilimpigia simu kwamba ana mgeni. Akaingia bibi mfupi mwenye koti la zambarau, kitambulisho cha wageni kimebandikwa kifuani kichwa chini, na bakuli lililofungwa kwa taulo mikononi. Akamtazama Corinne toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye mwalimu wa Ligaya? Mbona mtoto hivi? Nilijiandaa kukuta mtu wa kugombana naye. Mimi ni Lola wake, bibi yake."

"Karibu, mama. Ligaya anajua umekuja?"

"Angejua, ningefika?"

Bibi akajibana kwenye dawati la mbele, lilelile la mjukuu wake bila kujua, akaweka bakuli juu yake.

"Karatasi zote nzuri za huyu mtoto zinakaa kwenye friji yangu," alisema. "Tangu darasa la kwanza. Hii ya juzi nayo nikaibandika, nyota inang'aa. Halafu ndiyo nikavaa miwani."

Corinne akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nikamuuliza, haya ndiyo unayoyaamini? Akasema, hapana Lola, niliokota kikaratasi tu. Nikamwambia basi, maigizo ni maigizo, hakuna neno. Hapo ndipo akaanza kulia. Akasema, mimi niliigiza, lakini Mwalimu kaandika nimemshawishi."

Masikio ya Corinne yalishika moto, kisha shingo. Siku tatu alikuwa amelitafuta kosa lake kwenye kofia, kwenye kitabu, kwenye kicheko cha darasa. Hakuwa amelitafuta kwenye maneno mawili aliyoyaandika kwa furaha.

"Mama, mimi sikuwa na maana..."

"Ngoja, sijamaliza. Mama yangu, kwetu Ufilipino, alifundishwa kusoma na mwalimu wa Kimarekani. Mwanamke, ametoka Ohio, amevuka bahari yote hiyo na masanduku yake. Ndiye aliyempa kitabu cha kwanza. Alipougua homa, ndiye aliyekesha naye. Na miaka miwili kabla ya hapo, askari wa nchi hiyohiyo walikuwa wamechoma nyumba ya babu yangu na ghala la mpunga. Mama alimpenda yule mwalimu mpaka anaingia kaburini. Na lile ghala hakulisamehe mpaka anaingia kaburini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, sasa wewe uko upande gani? Akanizaba kofi dogo hapa, akaniambia nikale."

Corinne alitazama kabati la vitabu ukutani. Alikuwa ameifundisha sura ya mageuzi na sura ya ubeberu kama majirani wasiosalimiana, na kati yao akaweka jaribio na mapumziko ya Jumamosi na Jumapili. Kumbe walikuwa watu walewale, miaka ileile. Yule mwanamke wa Ohio huenda aliwahi kuandamana kwa ajili ya watoto wa migodini kabla ya kupanda meli.

"Sikuja kukugombeza," bibi akasema. "Nilikuja na nia hiyo, nisikudanganye, lakini njiani ikaniisha. Miaka kumi na sita huyu mtoto hajawahi kuniuliza habari za mama yangu. Jumamosi tulikaa jikoni, tukaongea mpaka samaki akaungua. Nani amelileta hilo? Si wewe na kofia yako? Kwa hiyo nimekuletea tambi. Hizi hazikuungua."

Corinne akafunua taulo. Zilikuwa za moto bado, zenye karoti na kuku. Machozi yalimlengalenga, akainama kama anayenusa chakula.

"Asante sana, mama. Nilichotaka kusema, pale nilipoandika vile, ni kwamba..."

"Usiniambie mimi," bibi alisema akijinasua kutoka kwenye dawati. "Sikio hili halisikii vizuri, na mimi si mwanafunzi wako."

Kengele ililia. Bibi alitoka kwa mlango wa nyuma ili asimwaibishe mtu. Vijana walipoanza kuingia, Corinne alikuwa amesimama kando ya dawati la Ligaya na fomu ya waridi mkononi.

"Nimeisaini," alisema kwa sauti ya chini, akampa. "Iko kwako sasa, uamuzi ni wako. Ila nina jambo nataka kulisema mbele ya wenzako, la kosa langu, si lako. Ukikataa nitakuambia peke yako."

Ligaya alitazama sahihi, kisha bakuli kwenye meza ya mwalimu, lenye taulo analolijua. Macho yakamtoka.

"Lola alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Mungu wangu. Alikutukana?"

"Alinilisha."

Ligaya akafunika uso kwa kiganja, na chini ya kiganja alikuwa anacheka. "Sema tu, Mwalimu."

Corinne akaenda mbele. Ubaoni hapakuwa na swali. Alisubiri hadi viti viache kuburuzwa.

"Wiki iliyopita nilikosea," alisema.

"Tumeongezewa alama?" Quentin akauliza.

"Quentin, nyamaza kidogo, tafadhali, nikikatizwa sitaweza kuanza tena." Quentin akaitikia kwa kichwa. "Nilimwandikia Ligaya kwamba amenishawishi kabisa. Si kweli. Hakuna hotuba itakayonishawishi kwamba watu wa nchi nyingine ni watoto wa kutawaliwa, na Ligaya mwenyewe hakuiamini, mimi ndiye niliyempa aiseme. Nilimwona mtu anayeona taabu kuongea, kama mimi, amesimama akalishika darasa zima, na nikafurahi mno hata nikaacha kusikia alichokuwa anakisema." Akamgeukia msichana, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuyakwepa macho yake. "Nilimaanisha kwamba najivunia wewe, Ligaya. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni, na nikaandika jingine. Nisamehe. Na asante kwa kuudhika, maana ungenyamaza ningeifundisha sura hii hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Ningependa ubaki."