Mashua Iliyopimwa na Uchochoro

Caleb aliiunda ile mashua Makongeni, nyuma ya nyumba za reli, na ukitaka kulaumu, laumu uchochoro. Chombo kingetokea wapi pengine? Basi akakibana upana kipite kati ya kuta. Kisha Gordon, mdogo wake, akadai mlingoti mrefu apate mbio ziwani. Chombo chembamba, tanga kubwa, upepo ukichachamaa ni kupinduka tu. Dawa yake ilikuwa mawe, yalazwe chini kabisa kila safari, yakizuie chombo kisilale ubavu. Majirani walicheka weee, wakachoka, mashua ikapakiwa garimoshi hadi Kisumu.

Leo Caleb yuko kwenye simu ya dukani kwa Kitonga, Makadara. Baba yao amefia Kisumu, na mwili unavushwa kwa mashua hiyo kwenda kuzikwa kisiwani. Redio imetangaza dhoruba ziwani. Upande wa pili, katika duka la ufukweni, ni Gordon.

"Mawe umeweka?"

"Tumeyatoa, jeneza limeongeza uzito. Tumeliweka juu ya mbao za kukalia, kwa heshima."

Caleb akapiga hesabu. Uzito wote juu, chini patupu, na mama yumo.

"Ngojeni kesho."

"Wazee wamekataa. Kaburi limeshachimbwa, na kaburi halilali tupu."

"Basi mlaze baba chini, pale pa mawe. Na tanga likunje nusu."

"Watu waweke miguu juu ya baba?"

"Waweke. Mimi ndiye mkubwa, sema nimeamuru mimi. Nakuomba, ndugu yangu, naku—"

Laini ikakatika. Alipiga tena na tena, wapi. Siku nzima alishinda pale, chai aliyopewa ikapoa mkononi, na hakujua kama ndugu yake alisikia.

Asubuhi yake simu ikalia. Alikuwa Patrobas, mwenye lile duka la ufukweni.

"Habari zimerudi na chombo cha alfajiri. Wamefika. Mashua ililala mpaka maji yakaingia, halafu ikajiinua. Baba yenu aliishikilia."

"Na mama?"

"Mzima. Lakini anasema usikanyage matangani. Ulimfanya mumewe pa kuwekea miguu."

Kifungua mimba kuzuiwa matanga ya babake, hilo si jambo dogo. Kitonga alimkuta ameketi sakafuni, machozi yanamtiririka, tiketi ya garimoshi mkononi.

"Mama amenikasirikia, Kitonga," akasema. "Unasikia? Aliyezama hakasiriki. Mama amekasirika."