Sekunde Sita za Raundi ya Mwisho

Fundi saa alikuwa amejiapiza kwamba hakanyagi hospitali, na kwa siku tatu alilitimiza hilo. Siku ya nne ilimshinda. Alifunga kibanda chake saa nane na nusu mchana, akanunua machungwa ambayo mgonjwa asingeweza kuyala, akaenda.

Mgonjwa mwenyewe ni Tingatinga, bondia wa uzito wa juu, mtu wa kilo mia na nane. Katika pambano la ubingwa alianguka raundi ya kumi na mbili, akainuka, akasikiliza matokeo, akashuka ulingoni kwa miguu yake. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo alisema ana usingizi kidogo. Kutoka usingizi huo hajaamka hadi leo.

Fundi alikuta watu watatu chumbani. Mama mzazi alikaa upande wa kichwa cha mwanawe. Kaka mkubwa na meneja walisimama miguuni pa kitanda, wakibishana kwa minong'ono iliyosikika hadi koridoni. Watu hawa wawili walikuwa na mgonjwa mahututi mbele yao na bado walikuwa na nafasi ya kupiga hesabu.

"Mia moja kumi na nne kwa mia moja kumi na tatu," kaka alisema. "Pointi moja. Majaji wawili wamegawana, mmoja huku, mmoja kule, tukabaki na huyu wa tatu. Na huyu wa tatu mpaka raundi ya kumi na moja alikuwa na sisi."

"Alikuwa na sisi, halafu mdogo wako akaanguka," meneja akajibu. "Ukianguka unapewa nane, mwenzako kumi. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Dakika tatu nzima anamtwanga yule mtu. Kaanguka mwisho kabisa, kwa ngumi moja. Ngumi moja inafuta dakika tatu?"

"Angebaki wima tungekuwa na mkanda na milioni arobaini. Hakubaki wima. Tuna kumi na mbili. Tukikata rufaa na hizo wanazizuia, hospitali utailipa na maneno? Na hapo bado sijatoa theluthi yangu."

"Theluthi ya nini? Kwani wewe ulipigwa wapi?"

Mama aliinua uso. "Fundi, karibu baba. Kaa. Hao waache, wamekuja na redio yao."

Fundi alikaa, machungwa mapajani. Mji mzima ulikuwa umemjadili jaji, refa, hata unyevu wa sakafu ya ulingo. Hakuna aliyemtaja mtu aliyekaa kando ya ulingo na saa mkononi na kengele mbele yake. Nani amuulize? Kengele ni kengele, ikilia watu wanakaa. Kwa miaka kumi na tisa Fundi ndiye aliyeipiga, na bwana aliyemfundisha alimwachia amri moja tu, kwamba mshika saa haangalii ngumi. Usiku ule, raundi ya mwisho, aliangalia. Tingatinga alikuwa anapigana kama hajawahi kupigana maishani mwake, na Fundi, mtu mzima na mvi zake, akajisahau. Alipoinamisha macho mshale ulikuwa umeshapita dakika tatu. Mkono ukakimbilia nyundo, na kabla haujafika akasikia kishindo sakafuni. Ndipo akapiga. Video za simu zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata moja iliyoichukua raundi hiyo nzima, kengele hadi kengele.

Alikuwa bado na mawazo hayo alipoona shuka linatembea.

Mikono ya Tingatinga ilikuwa imekunja ngumi. Mabega yalicheza kidogo sana, kushoto, kulia, na pumzi ikatoka puani fupi fupi. Hili likaendelea. Kisha vidole vikafunguka, kifua kikatulia. Fundi hakuwa ameangalia saa yoyote, lakini mwili wake ulijua kwamba zimepita dakika tatu. Akangoja. Ilipotimia dakika moja, ngumi zikakunjwa tena.

"Ni degedege tu," meneja alisema alipomwona anakodoa macho. "Daktari kasema."

Nesi aliingia na karatasi kwenye ubao, akaangalia saa ya ukutani, akaandika. Alikuwa binti mwembamba mwenye mwandiko wa kuonea wivu.

"Nesi, samahani," Fundi alimwambia polepole. "Unaandika nini?"

"Hivi vitetemeko. Mimi napenda kuandika kila kitu. Dakika tatu, anapumzika moja, tatu, moja. Mara kumi na mbili. Halafu anatulia kama saa nzima, anaanza upya. Sasa hivi yuko ya tisa."

Kaka aligeuka kuitazama mikono ya mdogo wake.

"Raundi," kaka alisema. "Mama, anapigana."

"Najua," mama alisema. "Siku ya nne leo. Nilidhani na ninyi mnaona."

Nesi alishusha sauti. "Ngumi mimi sizijui. Ila kuna kitu kimoja. Zote ni dakika tatu kamili, utadhani kuna mtu anampimia. Hii ya mwisho tu ndiyo inazidi. Kila mara." Akamwonyesha Fundi karatasi. Raundi ya kumi na mbili, dakika tatu na sekunde sita. Chini yake, tena, dakika tatu na sekunde sita. Safu nzima, kwa mwandiko ule mzuri. "Kwenye hizo sekunde ndipo anaporuka kitandani na mashine inapiga kelele. Zamu ya asubuhi moyo ulisimama, wakaurudisha. Daktari anasema mshtuko mwingine wa namna ile hadhani kama atauvuka."

Mtu asiyejitambua, aliyefunikwa shuka hadi kidevuni, alikuwa anatoa ushahidi, na zaidi ya Fundi hakuna chumbani aliyejua ni dhidi ya nani.

Angeweza kuondoka. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa inakaribia kwisha na hakuna ambaye angemshangaa. Miguu ilitaka, tena sana. Raundi ya kumi ikaanza, ikaisha. Ya kumi na moja ikaanza, na kaka akawa anahesabu raundi kwa vidole, bila kukumbuka milioni hata moja. Mama alikuwa ameshika upande wa kitanda. Fundi alikuwa anaogopa, anaogopa vibaya, na aliogopa zaidi kuwatazama usoni.

Ya kumi na mbili ilipoanza, aliinuka. Machungwa yakabingirika sakafuni. Alichukua bakuli la chuma alilokuwa ameliacha nesi kwenye meza ndogo, na kijiko, akasogea kitandani, akavua saa yake ya mkononi na kuiweka kwenye kiganja.

"Unafanya nini, bwana?" meneja aliuliza.

Fundi alikaza macho kwenye mshale. Pumzi ya Tingatinga ilikuwa kali sasa, mabega yanachapa godoro, na kwa mara ya kwanza midomo yake iliyovimba ilikuwa inacheka. Fundi aliiona kwa pembe ya jicho na hakugeuka. Dakika mbili na nusu. Mbili na sekunde hamsini. Nesi alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kumwita daktari. Mshale ulipogusa dakika ya tatu, Fundi akapiga bakuli kwa nguvu zake zote.

Ngumi zikafunguka.

Wakangoja sekunde ya kwanza, ya nne, ya sita. Mashine haikulia. Kifua kilipanda na kushuka taratibu, kama cha mtu yeyote aliyelala mchana baada ya kazi. Nesi aliandika, akaangalia alichoandika, akakaa chini.

"Umemwokoa," kaka alisema, analia waziwazi. "Fundi, umejuaje?"

Aliyemtazama kwa makini alikuwa mama. Alimtazama uso, akatazama kijiko, akatazama saa kwenye kiganja, kisha akarudi usoni.

"Usiku ule," alisema, "kwa nini hukupiga kengele kwa wakati?"

"Nilikuwa namwangalia, mama." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Alikuwa anapigana vizuri."

Kaka alisimama wima. Meneja alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba za watu wa chama cha ngumi, anasema bila ile ya kuanguka ni mia moja kumi na tano kwa mia moja kumi na tatu, milioni arobaini, arobaini. Hakuna aliyemsikiliza. Kaka alipiga hatua moja kumwelekea Fundi, na mama akainua mkono kumzuia, bila kumtazama.

"Usimguse," alisema. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe na kukisukuma mbele ya Fundi. "Kaa. Baada ya saa moja anaanza tena, na hapa hakuna mwingine anayejua kupiga."