Kombora Anapiga Hewa

Sikuwapenda wale watu tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Nimefundisha gofu kwenye uwanja wa mazoezi kwa miaka ishirini na saba. Zamani mtu alikuja na fimbo zake, akachukua ndoo yake ya mipira, akasimama kwenye kibanda chake juu ya zulia la kijani, akapiga mpaka ndoo ikaisha, akafuta jasho na kwenda zake. Ukisikia kelele, ujue trekta la kuokotea mipira limekwama. Halafu mwenye uwanja akazeeka, binti yake akashika usukani, na ndani ya mwaka mmoja vibanda vikawekewa makochi, skrini na spika. Siku hizi ukipiga mpira, skrini inakuonyesha umevunja dirisha la jumba la mfalme, au umemwangusha tembo wa katuni, kisha inakupigia makofi. Wanakuja watu ambao hawajawahi kushika fimbo maishani mwao. Wanakuja na ndala. Wanakuja na keki. Mmoja aliniuliza, macho makavu kabisa, kama mipira ikienda mbali inarudi yenyewe.

Niliwaita wapita njia. Yule binti, ambaye sote tunamwita Meneja, aliniambia hao wapita njia ndio wanaojaza vibanda, na wakongwe wangu wanapungua kila mwaka kwa sababu ya magoti na mazishi. Alisema kweli, na ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Hata hivyo makochi ningeyavumilia, kama si habari ya kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ndiye Kombora. Wacheza gofu wa umri wangu hawahitaji maelezo, ila wengine niwaambie: hakuna mtu pale uwanjani aliyewahi kuupeleka mpira mbali kama yeye. Kibao cha mwisho kule mbele kimeandikwa mita mia mbili na hamsini, na yeye alikuwa anakivuka hali ametoka zamu kiwandani, buti za kazi bado mguuni. Watu walikuwa wanaacha kupiga ili wamtazame. Hata kazi hii ya kufundisha niliipata kwa sababu mwenye uwanja alimuuliza siku moja, "Wewe huna ndugu?" Tangu hapo hakuna aliyehangaika na jina langu. Walisema, "Muulize yule mdogo wake Kombora." Nami niliitika, tena kwa furaha.

Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alirudi kutoka hospitali anaburuta mguu, maneno yanamtoka moja moja, na mkono wa kulia unashika kitu halafu unakisahau. Mtaalamu wa viungo alisema apewe kazi anayoipenda, la sivyo mkono utakauka, na mwenyewe atakauka pamoja nao. Shemeji, mke wa kaka, alinisindikiza hadi mlangoni siku hiyo akiwa bado na mwiko mkononi.

"Shemeji, nakuomba, mrudishe uwanjani," aliniambia. "Humu ndani anatazama ukuta tu. Nikimwongelesha, anaitika kama mtu aliyeko chumba cha pili."

Nikamwahidi. Kesho yake nikaenda kupambana na Meneja.

Nilimwambia sitaki mengi. Nataka Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, skrini zizimwe, muziki unyamaze, wapita njia wasiruhusiwe, wakongwe wapige kama zamani. Sikumtaja kaka. Nilizungumzia heshima ya mchezo, nikagonga meza, nikatishia kuacha kazi. Mwanamke yule alinitazama mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwalimu, ungeniomba tu," alisema. "Chukua hizo asubuhi zako."

Basi Jumanne ya kwanza nikamchukua kaka kwa gari. Wakongwe walikuwepo watano. Walipomwona anashuka waliacha kila kitu, wakamjia wakiwa wameshika kofia mikononi. "Kombora amerudi!" Jaji mstaafu alimkumbatia. Daktari wa meno alimfutia zulia kwa kitambaa chake mwenyewe. Wakampisha kibanda cha katikati, kile kile chake, wakasimama nyuma yake kwa safu.

Kaka akashika fimbo. Akapiga hewa. Akapanga tena miguu, akapiga hewa. Mara ya tatu fimbo ilimponyoka mkono wa kulia ikagonga nguzo. Nilipogeuka, jaji alikuwa anatazama uzio, na daktari wa meno anafuta fimbo ambayo ilikuwa safi tayari. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Pole pole, bwana," jaji alisema. "Utarudi tu ulipokuwa."

Kaka akasema anakwenda msalani. Nilimkuta baadaye amekaa ndani ya gari, amefunga mkanda.

Baada ya hapo kila nikimfuata alikuwa na neno moja: kesho. Zile asubuhi nilizozipigania zikabaki za wakongwe, na mimi nikawa nafundisha watu wasiohitaji kufundishwa. Jumamosi ndiyo kabisa sikukanyaga, maana Jumamosi uwanja unageuka ukumbi wa harusi isiyo na bwana harusi. Nilimwambia Meneja asinihesabu siku hiyo, naye akaheshimu.

Ikapita miezi minne. Jumamosi moja mwalimu mwenzangu akaugua, Meneja akanipigia simu kuniomba nishike nafasi yake saa mbili tu. Nikaenda nimenuna. Getini mlinzi akanisalimu kwa uchangamfu.

"Leo mmekuja wote wawili! Mkubwa wako yuko ndani, kule mwisho."

"Mkubwa wangu nani?"

"Una wakubwa wangapi, mwalimu? Kila Jumamosi yupo. Teksi inamshusha hapa hapa. Aliniambia nisikusumbue, akasema unajua."

Shemeji naye, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa anaamini mimi ndiye ninayemchukua. Kaka alikuwa ametudanganya wote wawili kwa maneno machache kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Nikapita nyuma ya vibanda mpaka nguzo ya mwisho. Kibanda cha mwisho na cha jirani yake vilikuwa vimechukuliwa na mafundi cherehani wa kiwanda cha sare, wanawake kumi na kitu, wanamuaga mwenzao anayestaafu. Kaka alikuwa katikati yao. Amevaa kofia ya jua ya shemeji, imemfunika nusu ya uso. Ameshika fimbo nyepesi ya kukodi, ile tunayowapa watu wa ndala.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni hata siku ya sherehe, alikuwa anamfunga mkono. Alizungusha utepe kwenye kiganja cha kulia na mpini wa fimbo, akakaza, akapiga fundo.

"Huu mkono wako mtoro, mzee wangu," alisema. "Sasa hauendi popote. Haya, piga. Na legeza shingo, hapa huchoti maji."

"Sawa, mwalimu," kaka akasema.

Akapiga hewa. Wote wakaangua kicheko, na kaka akacheka nao, upande mmoja wa mdomo juu, mwingine umebaki. Mwanamke wa utepe alipiga yeye, akakosa, kiatu kikaruka kikatua kwenye nyasi. Kicheko tena. Kaka akapiga mara ya pili, mpira ukaviringika mita kama kumi, ukalala. Skrini ikawaka rangi zote, tembo akaanguka, wanawake wakapiga vigelegele mpaka kibanda cha tano wakageuka. Kaka akainua juu ule mkono uliofungwa pamoja na fimbo. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kabla ya hospitali.

Hapo ningegeuka nikaenda zangu. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Nimeirudia saa ile kichwani mara nyingi, na kila mara miguu yangu inapaswa kugeuka.

Lakini mimi nilisikia neno mwalimu tu. Kaka yangu, aliyenifundisha mimi, aliyewafundisha waliowafundisha wengine, anamwita mwalimu mtu ambaye kiatu chake kiko nyasini. Mita kumi zinapigiwa vigelegele. Nikatoka nyuma ya nguzo.

"Dada, unajua unayemfundisha ni nani?"

Mwanamke akageuka bado anatabasamu. Kaka aliponiona, uso ukamshuka. Nililiona hilo, na bado sikunyamaza.

Nikawaambia. Niliwaambia yote: Kombora, vikombe, kibao cha mita mia mbili na hamsini, buti za kazi, watu kuacha kupiga ili wamtazame. Nilisema kwa sauti ya kushinda spika. Nilisema mnamcheka mtu ambaye hamkustahili hata kumbebea mfuko. Mtu mmoja akapunguza muziki. Wanawake wakasimama wima mmoja mmoja. Simu mbili zikainuliwa kumpiga picha. Yule wa utepe akaanza kulifungua lile fundo haraka haraka.

"Samahani sana, mzee. Hatukujua. Tusamehe."

"Acha," kaka akasema. "Acha tu."

Lakini alikuwa ameshalifungua. Akampa fimbo kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mgeni rasmi. Na mstaafu wao, mama wa watu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Basi mzee, tuonyeshe moja."

Wakajipanga nyuma yake kwa safu.

Kaka alisimama pale. Mkono wa kulia ulijaribu kushika mpini, ukateleza, ukajaribu tena. Akainama taratibu, akailaza fimbo juu ya zulia, akavua ile kofia.

"Nimechoka," akasema. Wakampisha njia.

Nikampeleka kwa gari hadi mlangoni kwake. Nikazima injini. Nikaanza kujieleza, akainua mkono wa kushoto kunizuia.

"Pale," alisema, na kila neno alilitafuta, "hakuna aliyejua... nimepoteza nini."

Akashuka. Nilitaka kumshika kiwiko, akanikwepa.

Akarudi kwenye ukuta wake. Wiki tatu hakutoka hata barazani. Mkono wa kulia alianza kuuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa naenda kila jioni, naketi, naondoka. Siku moja shemeji alinifuata hadi kwenye gari.

"Nikuulize, shemeji, na usinikasirikie. Siku ile ulikuwa unamtetea yeye, au ulikuwa unajitetea wewe?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyo. Lakini nilikuwa najua jibu tangu nikiwa nyuma ya nguzo. Maisha yangu yote mimi ni mdogo wake Kombora. Kama yeye ni mzee tu aliyefungwa mkono kwa utepe, mimi ni nani? Niliogopa kwa ajili yangu, nikamvunja yeye. Nilimwambia shemeji hivyo hivyo, nimesimama barabarani, na sikuona aibu kulia mbele yake.

Nikarudi ndani. Nikavuta kigoda mbele ya kaka ili anione mimi badala ya ukuta.

"Nisamehe, kaka. Yale maneno sikuyasema kwa ajili yako. Kwa ajili yangu. Nilitaka wajue ili na mimi nionekane."

Nikaanza kunyanyuka.

"Kuna uwanja mwingine," akasema. "Mpya. Juu ya paa... lile duka kubwa. Wana skrini."

"Naujua." Ni mbaya kuliko wetu. Una taa za rangi na mipira ya waridi.

"Nipeleke."

Tukaenda Jumamosi iliyofuata, mchana. Tulipanda lifti pamoja na familia yenye puto. Kaka amevaa kofia ya shemeji, mikono mitupu, hakutaka fimbo yoyote ya nyumbani. Njia nzima nilijifunga mdomo. Mlango wa lifti ulipofunguka, muziki ukatupiga usoni, na kulikuwa na meza ya mapokezi yenye mwanamke mchangamfu na fomu.

"Karibuni! Mzee, umewahi kucheza gofu?"

Kaka hakunitazama. Alisubiri. Nikaelewa kwamba ananisubiri mimi, anataka kuona kama nitaweza.

Sikusema kitu.

"Bado," kaka akasema. "Mara ya kwanza."

"Usijali, hapa wote ni wanafunzi," mwanamke akasema huku anaandika. Kisha akanigeukia na kalamu yake. "Na wewe? Ni ndugu yake? Naona kama mnafanana."

Kaka akageuka. Nilimwona anatafuta neno, na neno halikuwa linakuja. Hakuna swali katika maisha yangu ambalo nimelijibu mara nyingi kuliko lile, wala ambalo nimelipenda zaidi.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni dereva wake tu."

Ule upande mmoja wa mdomo wa kaka ukapanda.

"Dereva," akasema, "njoo saa kumi."

Akaingia anaburuta mguu, kuelekea kwenye kelele. Nikashuka kwa ngazi hadi kwenye maegesho, nikakaa ndani ya gari, na saa kumi ilipofika nikapanda kumchukua bosi wangu.