Aliyejificha Kisimani Odri

Wardugu alizima injini katikati ya mchanga, simu ya setilaiti bado iko sikioni. Alipomaliza kusikiliza alishusha kilemba kutoka mdomoni, akamgeukia abiria wake wa pekee.

"Shangazi, tunarudi Bardai. Kule mpakani wanapigana. Magari mawili yametekwa tangu asubuhi."

"Nani anapigana na nani?"

"Hata wenyewe hawajui. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu yako baki nayo," Zenaba alisema, akivuta kiriba chake cha maji na mfuko wa tende. "Kaltuma, mtoto wa marehemu dada yangu, amejifungua kule Gatrun, ng'ambo ya mpaka; hana mama, hana dada, wa kumchemshia uji ni nani? Nishushe. Kisima cha Odri ni hapo nyuma ya vilima, na watu wa ukoo wangu wako pale na mbuzi wao. Watanivusha kwa ngamia."

"Ukifa, watu watasema Wardugu alimtupa mwanamke jangwani."

"Waambie mimi ndiye niliyekutupa."

Kijana alicheka bila kupenda. Kisha akamsihi afuate alama za magurudumu, asikanyage pembeni, kwa kuwa mabomu ya vita vya zamani bado yamelala mchangani. "Nilianza kuyakwepa hujazaliwa," Zenaba alimjibu, akashuka. Gari likageuka. Vumbi lake lilitua, na mngurumo ukafifia hadi akabaki akisikia pumzi zake mwenyewe.

Alitembea hadi jua likaanza kuinama. Alipovuka kilima cha mwisho aliita, kama desturi, ili asiwashtue wenyeji. Hakuna aliyeitika. Mikeka ya mahema ilikuwa imekwisha kung'olewa, majivu ya jikoni yamepoa, na alama za kwato za mbuzi zimeelekea milimani. Walikuwa wamekimbia.

Zenaba aliketi kwenye ukingo wa kisima. Maishani mwake alikuwa amesafiri peke yake mara nyingi, kisu kimefungwa mkononi, na hakuwahi kuona ajabu. Siku hizo ulikutana na mtu, ukamuuliza ukoo wake, mkanywa chai. Sasa mtu ukimwona kwa mbali unaomba asikuone.

Akasikia gari, likitokea kaskazini. Alijitupa nyuma ya majabali, akavuta mtandio ukamfunika mpaka kichwani. Pikapu ilisimama kisimani. Akashuka kijana mmoja mwenye bunduki, uso umefungwa, macho hayatulii.

"Kuna mtu?" aliita kwa lugha ya kina Zenaba.

Zenaba alishika kisu. Lugha si ushahidi, alijiambia. Waliomuua mume wake nao walisema lugha hiyohiyo.

"Kuna mtu hapa? Jitokeze, usiogope!"

Sauti ilikuwa changa, na ilitetemeka. Kijana alizunguka majivu, akatazama milima kwa muda mrefu, kisha akapanda gari akaondoka kwa kasi kama anayefukuzwa. Zenaba hakuinuka mpaka mlio ulipokwisha kabisa. Akajaza kiriba, akafuata alama za kwato za mbuzi.

Jamaa zake aliwakuta mapangoni. Walimpa maziwa na mahali pa kulala, lakini hakuna aliyethubutu kumpeleka mpakani, na mapigano yalipopungua wakamrudisha Bardai.

Ndipo Kaltuma alipompata kwenye simu.

"Mama, uko hai! Wardugu alitupigia, akasema umeelekea Odri. Mume wangu akamtuma mdogo wake, Sugi, akufuate. Alifika, akaita, hakuona mtu. Tangu siku ile tunakulilia."

Zenaba aliketi chini polepole, simu ikiwa sikioni.

"Mama? Unanisikia?"

"Nilimwona. Nilikuwa nyuma ya jiwe, hapo hapo, mwanangu. Mbona hakuita jina langu?"

"Alikuwa na hofu, mama. Alidhani kuna watu wamejificha pale. Hakutaka wajue anamtafuta nani."

"Alidhania kweli. Nilikuwa mimi, na kisu."

Hakuna aliyecheka. Kaltuma alisema mpaka umefungwa, na hakuna ajuaye utafunguliwa lini.

"Basi nipe mtoto nimsikie."

"Amelala."

"Mwekee simu hivyo hivyo."

Zenaba aliegemea ukuta wa nyumba yake, ameziba sikio la pili kwa kiganja, akiisikiliza ile pumzi ndogo ikiingia na kutoka, mpaka mtandao ulipokatika.